Ndafu ya mahafali pale Rau, Moshi: fundi wa kuchoma nampa nyota tano, bustani ya shughuli nampa mbili na nusu

Naanza na hela maana najua ndo swali la kwanza. Ndafu mzima, mbuzi wa kati, kachinjwa, kachomwa, kapambwa na kaletwa mpaka mbele ya mhitimu, laki tatu na nusu. Hapo mbuzi ni wa kwake fundi. Ukija na mbuzi wako anakuchomea kwa laki na ishirini, mkaa juu yake, viungo juu yake, we unaleta mbuzi na kamba yake tu. Bustani ni laki mbili siku nzima, viti, meza na turubai vimo, ila vinywaji lazima ununue kwao, na hapo kwenye lazima ndo kuna stori nitaifikia.

Jina la bustani siliweki hapa. Nina mazuri na mabaya ya kuwasema na sitaki mtu anipigie simu usiku. Na fundi naye sio mali ya bustani, watu wengi wanachanganya hapo. Yule anazunguka, leo yuko Rau, kesho kaitwa Soweto, jumapili yuko Kibosho kwenye kipaimara cha watu, kwahiyo mnaweza kumpata bila kupitia bustani kabisa, na nikimaliza kuandika hapa mtaelewa kwanini nawashauri mfanye hivyo.

Kilichotupeleka huko ni mahafali ya mdogo wetu wa mwisho, kamaliza uhasibu pale Chuo Kikuu cha Ushirika, barabara ya Sokoine. Si mnajua mwisho wa mwaka Moshi unavyokuwa, vyuo vinavalisha watu majoho, mabasi ya Dar yanashusha Wachaga waliokuja kula krismasi, humo humo kuna harusi, kuna vipaimara, kuna mahafali ya chekechea, maana siku hizi hata mtoto aliyejua kuhesabu mpaka hamsini anavalishwa joho na kofia yake. Kumbi za maana zote zimeshikwa miezi nyuma. Mbuzi nao wanajua mwezi wa kumi na mbili umefika, bei inapanda kila wiki, ukichelewa kuweka oda unauziwa mbuzi mkongwe ambae hata uamshe moto wa namna gani hatafuniki.

Kwenye grupu la familia kulikuwa na mvutano mkubwa, keki au ndafu. Shangazi upande wa Dar alitaka keki ya gorofa tatu, kashatuma na picha. Mi nikapiga simu kuulizia bei, naambiwa laki mbili na nusu, afu dada wa watu kwa uaminifu wake akaniambia gorofa mbili ni boksi limepakwa krimu, keki yenyewe ni ile ya juu tu. Sasa jamani. Watu sabini wanatoka Uru, Marangu, Arusha, wengine wamelala kwenye basi, unawaletea boksi limepakwa krimu? Mama akamaliza ubishi kwa voisi ya sekunde chache, "mtoto kasoma kwa hela ya ndizi, watu wapewe nyama." Ikaisha hapo. Mama anauza ndizi soko la Mbuyuni miaka yote, kila ada iliyolipwa pale chuoni imepitia kwenye mkungu, kwahiyo hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Fundi nilimpata kwa kuelekezwa na bodaboda. Nilivyompigia nilitegemea aniambie bei tuanze kuvutana, kumbe yeye ndo akaanza kunihoji mimi. Wageni wangapi. Kati yao Waislamu wapo? Wazee wasiokuwa na meno wapo? Na siku hiyo nani anakata, mtoto mwenyewe au kuna mzee wa ukoo anaeshika kisu? Nilishangaa kidogo lakini nilivyokuja kuona kazi nikaelewa kila swali lilikuwa na maana yake. Wenzetu Waislamu walikuwepo, marafiki wa mdogo wangu wa chuoni na jirani zetu wa Majengo, kwahiyo akaleta mchinjaji Mwislamu, na kisusio akasema kitapikwa pembeni kabisa kwa sufuria na mwiko wake, maana kile kina damu, asije mtu akachotewa supu asiyoijua. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wengine niliowahi kuwaona kwenye shughuli za watu wanachinja kwanza, maswali yanakuja watu wakiwa mezani, na hapo unakuta mgeni wako anakula kachumbari tupu huku anatabasamu kwa adabu.

Siku yenyewe nilifika bustanini saa kumi na mbili asubuhi. Sikulazimika, lakini mi nikishalipa kitu nataka nikione kinafanyika. Nilimkuta ameshachuna, mbuzi ananing'inia, na kijana wake anatwanga kitunguu swaumu na tangawizi kwenye kinu. Akachanganya na limao na chumvi. Nikamuuliza vile viungo vya paketi huweki? Akanijibu, "dada, mbuzi mzuri hahitaji kufichwa." Akapaka ndani na nje, akaingiza chumvi mpaka kwenye maungio ya paja, anachoma na kisu kidogo afu anasukumia kwa kidole. Masikio na mkia akavifunga foili visiungue, maana ndafu akifika mezani hana masikio watu wanamcheka mwenye shughuli. Akampitisha nondo, akamfunga miguu kwa waya, akamweka.

Na moto wake ndo uliniacha hoi. Wachomaji wengi wanamwaga mkaa katikati, juu kunaungua ndani kubichi. Huyu moto anauweka pande mbili, chini ya mapaja na chini ya mabega, katikati kwenye mbavu anaacha majivu ya moto tu, maana mbavu ni nyembamba zinakauka haraka. Kila baada ya muda anageuza, anapaka yale maji ya limao kwa fungu la majani ya mgomba alilochanachana, mafuta yanadondoka tssss, anaweka sikio karibu kabisa anasikiliza. Nikasema huyu mtu anasikiliza nini? Anasema mafuta yakilia sana moto umezidi, yakinyamaza moto umekufa. Masaa kama matano hivi alikuwa hapo, simu yake kaacha kwenye koti. Shingo, kongoro na mifupa ya mgongo wa mbuzi wa pili, tuliyemwongeza kwa ajili ya supu, alishavichukua vikachemke na ndizi kwa ajili ya mtori wa wazee. Swali la meno si mnalikumbuka.

Sasa niwaambie kuhusu bustani, nianze na mazuri nisionekane nina roho mbaya. Kivuli kipo. Miti mikubwa ya maana, upepo unatoka upande wa mto, mchana wa Moshi mnaujua wenyewe jua linavyopiga, pale hata wenye suti hawakutoa jasho. Watoto wana bembea na eneo la kukimbia, hakuna aliyekuja kulia kwamba amechoka. Na mlima unaonekana vizuri kabisa, ila hapa nawapa siri wapiga picha hawawaambii. Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, inakaa wazi asubuhi mapema, ikifika saa nne saa tano inajifunika mawingu mpaka jioni, kwahiyo kama mnataka picha ya joho na theluji nyuma msisubiri sherehe ianze, mpelekeni mhitimu saa moja asubuhi kabla hajaenda hata chuoni. Sisi tulimtoa mdogo wangu kitandani kwa nguvu, kanuna, kofia imekaa upande, lakini zile picha ndo mama amezifremu. Za mchana nyuma ni weupe mtupu, ungesema tumepigwa ukutani.

Kuna mhudumu mmoja pale, dada mfupi mwenye kitambaa cha bluu, Mungu ambariki, alikuwa anakimbia peke yake kama wamemwachia bustani yote. Kila alichoombwa alileta. Wenzake sijui walikuwa wanahudumia nani.

Haya, sasa vinywaji. Bei tuliyopewa siku ya kulipia advansi na bei ya siku yenyewe havikuwa kitu kimoja. Soda imeongezeka, bia imeongezeka, maji ya kunywa ndo usiseme, tukiuliza tunaambiwa "msimu bosi." Msimu gani wakati risiti ninayo mkononi na tarehe mliandika wenyewe? Lakini hiyo ningeimeza. Kilichonichefua ni mbege. Bibi mzaa mama katoka nayo Uru, kaipika mwenyewe kwa ndizi zake na ulezi wake, imekuja kwenye ndoo mbili zimefungwa na majani juu, boda mbili zimezibeba kwa adabu zote. Meneja anatokea anasema vinywaji vya nje vina tozo, kila ndoo elfu ishirini. Mbege! Ya bibi! Mahafali ya mjukuu wake!

Shangazi yule yule wa keki ya boksi ndo alitutetea, na hapo nikamsamehe yote. Akasimama mbele ya meneja akamwambia, "Baba, hiyo mbege mnayo nyinyi hapa kaunta niagize?" Meneja anasema hapana mama. "Basi sio kinywaji cha nje, ni kinywaji ambacho hamna." Meneja akaangalia chini, akaangalia zile ndoo, akasema atamuuliza mkurugenzi. Hajarudi mpaka leo. Mzee mmoja nyuma akasema "meku (mzee), achana na huyo, lete kata", kata ikaanza kuzunguka.

Vyoo ni viwili kwa watu wote hao, kimoja hakina maji. Kwa bustani inayochukua laki mbili kwa siku hii haina maelezo. Mjue akina mama wanakuja na magauni ya kutambaa chini, akina bibi wanahitaji mtu wa kuwashika mkono, afu unawapanga foleni kwenye matope kwa ajili ya choo kimoja. Mvua ya usiku ilikuwa imenyesha, na pale kwenye kuegesha magari ni udongo mwekundu mtupu, hawajamwaga hata trela moja ya moramu. Noa ya baba mdogo ilikwama, ikabidi vijana waliovaa suti za mahafali waisukume, mmoja kiatu kilibaki.

Kama saa tisa hivi umeme ukakatika, hilo sio kosa lao, mji mzima ulikuwa giza. Ila jenereta ipo, tuliioneshwa siku ya advansi, ikiwa imepakwa na rangi mpya. Kumbe haina mafuta! Mtu anatumwa na kidumu mpaka sheli, MC anapiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe, DJ kakaa juu ya spika anakula ndizi choma. Kwakweli zile dakika bila maiki ndo zilikuwa tamu kuliko zote maana wazee walianza kuimba nyimbo za kanisani bila kuambiwa, lakini hiyo haimsaidii mwenye bustani, mi nililipia umeme.

Na jioni, saa kumi na mbili kamili, hata hatujafunga na sala, wanaanza kukusanya viti. Kumbe kuna mechi ya Uingereza na wateja wao wa kila wiki wanakuja kukaa mbele ya skrini. Jamaa anamwambia baba yangu "mzee naomba hicho kiti." Baba anasimama! Mtu mzima, siku ya furaha yake, anasimama anatoa kiti alichokilipia. Hapo ndo nilipofuta nyota nyingine. Siku nzima unasema siku nzima, uandike basi kwenye makubaliano kwamba siku yenu inaisha mpira ukianza.

Nirudi kwa fundi, maana yeye ndo sababu ya kuandika yote haya.

Ndafu aliingia saa nane na nusu. Kasimamishwa kwenye kitoroli, rangi ya kahawia inayong'aa, hajaungua popote, chini kapangiwa karoti na nyanya na majani ya saladi, mdomoni kashikishwa majani mabichi utadhani bado yuko malishoni. Matarumbeta mbele, akina mama na vitenge nyuma, watu wanacheza, simu zote juu. Mpaka hapo ni kama shughuli yoyote ya Moshi. Tofauti ilikuja kwenye kukata.

MC alishazoea mambo ya haraka haraka, "mhitimu kata, lisha mama, lisha baba, piga makofi, tunaendelea na zawadi!" Fundi akamwambia taratibu, tena kwa heshima, "MC, subiri kidogo." Akamsogelea mdogo wangu akamwonesha pa kukata, sio ile unachomeka kisu kwenye mgongo kwa ajili ya picha afu kisu kinagoma mnacheka. Alikuwa ameshalegeza sehemu mapema, begani, kwa ndani, haionekani, kwahiyo kisu kikaingia kama kwenye siagi na kipande kikatoka kizima. Akamuuliza baba mkubwa kidari kinaenda kwa nani kwa utaratibu wa ukoo wenu, akasubiri ajibiwe. Mzee alivimba kwa furaha, maana kwenye shughuli nyingi siku hizi wazee wanaulizwa hayo mambo nyama ikiwa imeshaisha.

Mama akalishwa wa kwanza. Mdogo wangu mkono unatetemeka, joho limemzidi, kipande kikubwa. Mama akafungua mdomo, akafunga macho, watu kimyaa, machozi yanakuja tunayaona, afu katikati ya hapo tunamsikia kwenye maiki, "mwanangu, toa mfupa." Bustani nzima ililipuka. Baba akalishwa, bibi akalishwa kilaini alichokuwa amekatiwa pembeni na fundi mwenyewe, wakafuata dada zake, rafiki zake wa hosteli, jirani, na mpaka yule mama wa duka la stationari ambae alikuwa anamtolea kopi za tasnifu kwa mkopo, nae aliitwa akalishwa. Kila mtu aliyeitwa alipita na fundi yuko palepale na kisu anakata vipande vya saizi ya mdomo. MC alikuwa anaangalia saa. Fundi hakuangalia.

Baada ya hapo vijana wake wawili wakamtoa pembeni wakapiga panga. Sinia moja kwa kila meza, nyama, ndizi choma, kachumbari, pilipili kwenye bakuli lake. Hii ndo sehemu shughuli nyingi zinapofia, meza za mbele zinapata mapaja, meza za nyuma zinapata shingo na matumaini. Yeye alianza kugawa na meza za nyuma kabisa! Nikamuuliza baadae kwanini, akasema wa mbele watapata tu, wanajulikana. Madereva walikula, wapiga matarumbeta walikula, mpiga picha aliwekewa sahani imefunikwa. Wazee wakapata mtori wa moto. Kisusio kikapita kwa wanaokitaka, na walikitaka. Mbuzi mmoja wa ndafu kwa watu sabini hashibishi mtu peke yake, hilo mjue, sisi tuliongeza yule wa supu, na pilau na machalari vilipikwa na akina mama wa jumuiya, lakini hakuna aliyeondoka hajaonja ndafu, na hicho ndo nilichokuwa nakilipia.

Nyama yenyewe sasa. Nje imekauka inalia kwenye meno, ndani ina maji yake, chumvi imefika mpaka kwenye mfupa, limao unalisikia kwa mbali. Haina ile harufu ya beberu. Mi sio mtu wa mbuzi sana lakini nilikula mpaka nikafungua mkanda wa gauni. Kama kuna cha kulalamika ni kwamba mbavu za upande mmoja zilikauka kidogo. Na pilipili yake ni kali kupita kiasi, mtoto wa dada alilia.

Hotuba nazo zilikuwepo kama kawaida, sitawachosha, ila ya baba mkubwa lazima niiseme. MC katika kutafuta maneno akasema kijana amehitimu kwenye "chuo kikuu cha tangu 1963." Baba mkubwa akachukua maiki, hata hajasalimia, akamrekebisha, 1963 kilikuwa Chuo cha Ushirika, chuo kikuu kamili kimekuwa 2014, usichanganye vijana. Afu akaunganisha na KNCU ya 1933, kile chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, babu alivyokuwa anabeba kahawa kichwani kupeleka chamani, ile hela ndo ikamsomesha yeye baba mkubwa mpaka darasa la nane, sasa leo kahawa imekuwa ndizi ya Mbuyuni na darasa la nane limekuwa digrii. Mzee ana miaka themanini na kitu na hakushika karatasi. MC alibaki anasema "naam mzee, naam mzee." Watu walimtuza baba mkubwa hela kuliko mhitimu, noti zinabandikwa kwenye koti lake, mdogo wangu amesimama pembeni na mashada yake ya karatasi za kung'aa anacheka.

Wenyewe mmeshaona naelekea wapi. Kesho yake asubuhi tulikuwa nyumbani, kwenye uwanja wetu wenye mwembe mmoja, mifupa iliyobaki ikachemshwa supu, majirani wakaja na vikombe, mbege ya ndoo ya pili ikamaliziwa, bibi kakaa kwenye kigoda anamtania mdogo wangu amtafutie mchumba mwenye kiuno cha kulima. Hakuna MC, hakuna wa kuomba kiti. Choo kina maji. Baba akasema mbona tulilipa laki mbili kule, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Kwahiyo ushauri wangu kama una uwanja hata wa kuegesha gari mbili, mwite fundi nyumbani. Anakuja na nondo zake, kinu, kitoroli na vijana, anahitaji tu matofali na pa kumwaga majivu. Kodi turubai na viti, hiyo laki mbili inabaki na chenji. Kama huna uwanja, au una wageni wanaotaka lazima waone mlima, basi bustani ya Rau sio mbaya sana, ila andikishianeni bei za vinywaji na saa ya kuondoka, mtu aweke sahihi, na mkaangalie jenereta kwa kuiwasha, rangi isiwadanganye.

Na msidhani fundi ni wa shughuli kubwa tu. Juzi mtoto wa dada kamaliza chekechea, wale wale wa joho, tukasema tumfanyie kitu kidogo cha watu kumi wa ndani. Nilimpigia nikiwa na aibu, namwambia tunataka mguu mmoja tu. Hakucheka wala hakusema haimlipi. Alikuja na boda, kachoma mguu kwa elfu sitini nyama ikiwa ndani ya bei, na bado akauliza nani anakata. Tukamwambia mhitimu, ana miaka sita. Akampa kisu cha plastiki, yeye akakata nyuma ya mkono wa mtoto, mtoto akaamini ni yeye. Kamlisha mama yake, kamlisha babu, kamlisha na paka.

Kitu kimoja cha kukubaliana nae mapema, kabla hajachinja. Utumbo, ini, kichwa na ngozi vinabaki kwa nani? Kwake utaratibu ni kwamba akileta mbuzi yeye, ngozi na kichwa cha mbuzi wa supu ni vyake, ini na utumbo ni vyenu. Ukileta mbuzi wewe, vyote vyako. Sisi hatukuwa tumeulizana na ini lilikuwa limeshaliwa na vijana wake saa tatu asubuhi na chai, kwa kibali cha baba mdogo, ambae nae alikuwa anakula.